Mafuta Yaliyopotea Njiani

Jumanne ile Papa Alphonse alikuwa amekusudia kutofanya kazi. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amechoka, uchovu wa aina ile usiotibika kwa usingizi, maana ulikuwa umemwingia mifupani mwaka uliopita, katika vita vya siku sita, pale majeshi mawili ya kigeni yalipoupigania mji wa Kisangani kana kwamba wenyeji wake ni majani tu ya kukanyagwa. Kombora moja lilichukua nusu ya paa la karakana yake katika komini ya Tshopo. Nusu iliyobaki ndiyo iliyokuwa karakana sasa. Mvua ikimiminika upande mmoja, yeye alihamia upande wa pili na spana zake, kazi ikaendelea.

Alikuwa na miaka hamsini na minane, na thelathini na tano kati ya hiyo aliimaliza akiwa amelala chali chini ya magari ya watu. Siku hizi magari yenyewe yalikuwa ya kuhesabika. Mto ulikuwa umefungwa, meli za Kinshasa hazipandi tena, vipuri havifiki, na mji mzima ulikuwa umehamia kwenye baiskeli. Toleka, baiskeli za kukodi, zilibeba abiria, magunia, wagonjwa, hata majeneza. Asubuhi ile mke wake, Micheline, alikuwa amemwambia, "Leo pumuzika, papa. Gari haina miguu, haitakimbia." Akakubali. Akaketi juu ya tairi kuukuu mlangoni, anatazama barabara bila kuiona.

Ndipo kombi ikaingia.

Ilikuwa nyeupe zamani; sasa ilikuwa na rangi ya maziwa yaliyolala, na ubavuni matundu ya risasi yalizibwa kwa vipande vya bati. Aliyeshuka kwanza ni Mama Germaine, muuguzi mkuu wa kituo cha afya kilichoko njia ya Yangambi, mbele ya Simi-Simi. Dereva alibaki ameshika usukani kama mtu aliyesahau kwamba safari imekwisha.

"Papa Alphonse," alisema Mama Germaine, "nakuleteya makambo."

"Siku hizi kila mutu iko naleta makambo, mama. Weka pale, karibu na zingine."

Hakucheka. Alivuta kigoda, akaketi, akaeleza makambo yenyewe, ile shida iliyomleta. Kombi ile ndiyo iliyokuwa ikibeba wanawake wenye uzazi mgumu na kupeleka dawa kwenye vituo vidogo. Kila wiki mbili giaboksi yake ilikauka mafuta, lita nzima. Fundi mmoja wa sokoni alibadilisha joint spi mbili kati ya tatu, zile pete za mpira zinazozuia mafuta yasitoke pale chuma kinapozunguka. Akazibadilisha mara mbili. Mafuta yakazidi kupotea.

"Na kwa parcelle yetu, pale gari inalala, chini hakuna hata doa," alisema. "Ndio maana Gestionnaire anasema mafuta haivuje. Anasema dereva, Faustin, iko naitosha, iko nauzisha kwa batu ya camion."

Gestionnaire, msimamizi wa mali ya kituo, aliitwa Gédéon. Alikuwa mtu mgeni kituoni, aliyeletwa baada ya vita kuja kuzuia wizi, na alikuwa akiutafuta kila mahali.

"Na kisha?" aliuliza Papa Alphonse, maana aliona usoni mwake kwamba neno halijaisha.

"Vendredi atamupeleka kwa basoda."

Vendredi ni Ijumaa, na basoda ni askari. Kila mtu mjini alijua maana yake: kontena la chuma karibu na kambi, juani, na aliyetoka humo hakuwa tena yule aliyeingia.

Dereva alikuwa ameshuka sasa. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, mabega yameshuka. Alisimama kando ya gari lake na kusema maneno mawili tu. "Mi sikuiba." Aliyasema bila nguvu, kama mtu anayejibu jina lake kwenye orodha.

Papa Alphonse aliitazama tairi aliyokuwa ameikalia, akaona kwamba leo hataikalia tena.

"Bon," alisema. "Gari ibaki. Na dereva abaki pia, nitamuhitaji mikono."

Alitandika karatasi ya katoni, akajiingiza chini. Mgongo ulilalamika, akaunyamazisha. Tumbo lote la kombi lilikuwa limelowa, kuanzia chini ya injini hadi karibu na ekseli ya nyuma, na vumbi limegandamana humo kama ugali uliosahauliwa chunguni. Alichota kidogo kwa kidole, akakisugua, akanusa. Mafuta ya injini hunuka moshi. Haya yalikuwa mazito na yalinuka yai lililooza. Basi yalikuwa ya giaboksi kweli, na yalikuwa yametoka. Ila yametoka wapi, na lini, hakuna aliyeweza kusema, maana mahali palipolowa pote hapaonyeshi tundu.

"Tunasafisha kwanza," alisema.

Wakasafisha siku nzima, yeye na Faustin, kwa sabuni, brashi ya waya na mafuta ya taa kidogo. Faustin alifanya kazi vizuri, bila kuongea. Alipoulizwa alijibu, asipoulizwa alinyamaza. Jioni chuma kilipong'aa, wakajaza giaboksi hadi ukingoni kwa lita ya mwisho iliyobaki kituoni. Kisha Papa Alphonse akaomba jivu kwenye jiko la Micheline, akalipepeta, akalipaka chini yote ya giaboksi kama mtu anavyompaka mtoto poda. Penye jivu kavu, tone moja la mafuta huacha alama kama machozi.

Asubuhi ya Jumatano jivu lilikuwa kavu kote.

Na kwa kuwa bahati mbaya haina adabu, Gédéon mwenyewe alifika saa ile ile, suruali imepigwa pasi, na kitabu kwapani. Aliinama, akatazama, akasimama akipangusa magoti.

"Haya, papa. Umeona? Mafuta haina mabawa."

Ukweli ni kwamba Papa Alphonse mwenyewe alianza kuwa na shaka. Alikuwa ameona mengi katika vita vile. Alikuwa ameona mkuu wa kwaya akivunja duka, na mwalimu akibeba milango ya shule aliyofundisha. Hata yeye, siku ya saba, milio ilipokoma, alikwenda na spana yake akafungua magurudumu mawili ya lori la mtu aliyekuwa bado amelala ndani ya kabini, amefunikwa shuka na wapita njia. Magurudumu yale ndiyo yaliyowalisha yeye na Micheline mwezi mzima. Sasa ni nani wa kumwambia Faustin kwamba mikono yake haiwezi kufungua bolti ya mafuta?

Alimtazama dereva. Faustin alikuwa akitazama ardhi.

"Gestionnaire," alisema Papa Alphonse, "gari hii inapoteza mafuta kwa parcelle ao kwa barabara?"

"Nitajuaje mimi?"

"Ndio hivyo. Nami sijue. Ulisema vendredi, na leo ni mercredi. Acha niende nayo barabarani."

Wakatoka wawili, yeye na Faustin, kwa njia ya Yangambi. Simi-Simi kulikuwa na kizuizi cha askari, kamba imefungwa kati ya mapipa mawili. Askari aliyekuja dirishani macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Hata yeye alionekana kuchoshwa na kamba ile. Alipekua ndani, akaona kipande cha sabuni walichosafishia gari, akakitia mfukoni. "Muende," alisema. Wakaenda.

Barabara ilikuwa mashimo na maji, mashimo na maji. Papa Alphonse alimwambia dereva aiendeshe kwa gia nzito, asiihurumie. Baada ya saa nzima, joto la giaboksi lilikuwa limepanda hadi linachoma nyayo kupitia sakafu. Ndipo ikaja: ile harufu ya yai bovu.

"Simama."

Alijilaza kwenye matope bila hata kutafuta jani la kutandika. Jivu lilikuwa limechorwa. Mchirizi mmoja ulitoka mbele, pale giaboksi inaposhikana na injini. Wa pili ulitoka nyuma, pale shafti ndefu inapoingia. Wa tatu ulishuka kutoka kwenye shina la mti wa gia. Yote mitatu ilikuwa mibichi, na upepo wa safari uliisukuma hadi nyuma kabisa. Ndiyo maana parcelle haikuwa na doa. Gari liliacha mafuta yake yote njiani likiwa na joto, likifika nyumbani linapoa, linanyamaza.

Kwanza alifurahi kwamba mtu yule hakuwa mwizi. Kisha akakunja uso. Joint spi mbili mpya na moja ya zamani, zote ziachie siku moja? Haiwezekani. Pete ya mpira hufa peke yake, haifi kwa kikundi. Labda si pete zilizokuwa dhaifu. Labda kuna kitu ndani kinasukuma.

"Nipe ufunguo wa kumi na saba," alisema.

Aliweka spana hiyo kwenye bolti ya kujazia mafuta ubavuni mwa giaboksi, akaizungusha pole pole, uso ameugeuzia pembeni. Kabla bolti haijatoka, giaboksi ikapumua. Psssss, ndefu, ya moto, na povu la mafuta likafuata, likamrukia shingoni. Papa Alphonse alicheka, cheko fupi kavu. Hakukumbuka mara ya mwisho alipocheka chini ya gari.

"Faustin! Wewe si mwizi. Hii gari inakosa pumuzi."

Akamweleza. Giaboksi ikipata moto, hewa ya ndani hutanuka, lazima itoke. Ndiyo maana juu yake waliotengeneza waliweka tundu dogo la kupumulia. Tundu likiziba, hewa hutafuta njia nyingine, na njia ni kwenye zile pete. Hupita na mafuta. Hata ubadilishe pete kumi, zitashindwa zote kumi.

Walingoja chuma kipoe. Kisha Papa Alphonse akapitisha mkono juu ya giaboksi, kwenye nafasi nyembamba kati yake na sakafu, mahali ambapo jicho halifiki. Vidole vilikuta ganda la matope magumu kama saruji. Alilikwangua kwa spoku ya baiskeli. Alitegemea kukuta matope tu hadi mwisho. Lakini spoku ilizama kwenye kitu laini. Akakivuta kwa koleo.

Kilikuwa kipande cha mpira mweusi, urefu wa nusu kidole, kimechongwa kwa kisu, chembamba upande mmoja na kinene upande wa pili. Kilichongwa na mtu anayejua anachokifanya. Upande mmoja kilikuwa bado na mistari ya soli ya kandambili.

"Hii haikuingia yenyewe," alisema akitoka chini. "Mutu aliikata na kisu, akaiweka. Tena kwa nguvu."

Faustin alikichukua. Alikigeuza kiganjani, mara moja, mara mbili. Kisha akaketi kwenye nyasi kando ya barabara, taratibu, kama mtu anayeshushwa na wengine.

"Ni mimi," alisema.

Papa Alphonse aliweka spoku chini, na Faustin akaeleza.

"Siku ya ine ya vita. Nilibeba batu kumi na moya kwa hii gari. Bagonjwa, na mama moya na batoto yake, na muke wangu Delphine. Barabara kubwa ilikuwa ya bombe. Nikapita kwa njia ya nyuma, ya mashamba, si mbali na hapa. Tukafika kwa kijito. Mvua ilikuwa imenyesha, maji ilikuwa mingi, ilikuwa itafika juu ya boite, hii giaboksi. Chauffeur moya muzee alinifundishaka: ziba ile tundu, maji isiingie, ukivuka toa. Nikakata kandambili yangu. Nikaziba. Tukavuka."

Kwa mbali toleka ilipita na mzigo wa ndizi, mwendeshaji akiusukuma mlima.

"Ng'ambo nikashuka nitoe. Nilikuwa chini, mkono juu namna wewe uliweka. Delphine akaniita. Kumbe kipande cha bombe kilimupataka tangu mujini, kabla hatujaondoka. Alikifunga na liputa yake, kitenge alichovaa, akaniambia ni mukwaruzo. Hakutaka nisimame. Aliniita mara moya tu. Nilipofika hakuwa anaongea tena."

"Na wengine?"

"Bengine balikuwa bazima. Bote kumi. Tukamuzika pale kwa shamba, na mikono, na kisahani cha gurudumu. Kisha nikabafikisha. Nikarudi kazi. Ile tundu sikuikumbuka tena, papa. Sikukumbuka hata kama nilikuwa na kandambili moya."

Papa Alphonse akaketi naye kwenye nyasi. Walikaa, wazee wawili kwa kutazamwa ingawa mmoja hakuwa mzee, mafuta yakiwakauka mikononi.

Papa Alphonse akasema, "Kwa Gestionnaire tunaweza kusema ilikuwa matope. Matope yalikuwa kweli. Si uongo wote."

Faustin alitikisa kichwa. "Hapana. Mwambie vile iko. Mwaka muzima baniita mwizi na nimechoka. Sitaki tena waniite muongo."

Alhamisi walimaliza kazi. Giaboksi iliteremshwa, wanaume wawili wakiipokea vifuani kama mtoto mnene. Pete ya nyuma ilikuwa imejikunja mdomo kwa ule msukumo. Papa Alphonse alitoa nyingine kwenye giaboksi ya gari moja lililoungua vitani, lililokuwa nyuma ya karakana, akailoweka mafuta, akaigonga mahali pake kwa kipande cha ubao ili isipinde. Mbili zilizobaki zilikuwa nzima. Mafuta aliyatoa kwenye gari lile lile lililoungua, akayachuja mara tatu kwa kitambaa hadi yakawa safi. Lililobaki ni tundu. Alilisafisha mpaka akaweza kupuliza na kusikia hewa ikiingia. Lakini akawaza: mvua zitakuja tena, na vijito.

"Mama Germaine," alimwambia muuguzi alipofika mchana pamoja na Gédéon, "huna mpira wa ile mashini ya kusikilizia moyo? Uliokufa?"

Alikuwa nao, kwenye sanduku la vitu ambavyo hakuna mtu anayethubutu kuvitupa wakati wa vita. Papa Alphonse alivisha ncha moja juu ya tundu, akaufunga kwa waya, akaupandisha nyuma ya injini hadi karibu na kioo cha mbele. Sasa giaboksi ingepumulia juu, na maji yangeifikia tu kama yangemfikia dereva kidevuni.

Kisha akamwambia Gédéon yote, jivu, michirizi mitatu, ile psssss, na kipande cha kandambili. Alieleza pia kijito. Hakuongeza, hakupunguza.

Gédéon alisikiliza, kitabu bado kwapani. "Donc," alisema, "hakuiba. Lakini kosa bado ni yake. Ndiye aliziba."

"Ndio, ni mimi," alisema Faustin.

Mama Germaine alikuwa ameegemea ukuta. Alizungumza bila kupaza sauti. "Gestionnaire, wewe hukukuwako. Mimi siku ile nilikuwa Lubunga, ng'ambo ya mto, sikuweza kuvuka. Niliporudi baliniambia Delphine alikufa. Nikasema, ah, naye pia. Tulikuwa tunahesabu batu wengi. Mwaka muzima nimepanda hii gari karibu na Faustin. Sikumuuliza hata siku moya alikufia wapi." Akajifuta uso kwa kiganja. "Kama unatafuta kosa, andika na yangu."

Gédéon alitazama kitabu chake, halafu matundu ya risasi yaliyozibwa kwa bati. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyetumwa kutafuta wezi, na sasa hakujua aweke wapi mikono. Hakuomba msamaha. Alitoa funguo za kombi mfukoni, alizokuwa amemnyang'anya dereva alipofika, akamkabidhi.

"Kesho iko mama moya wa kuchukua kwa kivuko cha mto Lindi," alisema. "Banamuleta na mutumbwi. Uende mapema."

Akaondoka kwa miguu, haraka kidogo.

Ijumaa asubuhi Papa Alphonse alipanda naye. Alisema anataka kuhakikisha kazi yake, na ilikuwa kweli. Karibu na Lindi Faustin alipunguza mwendo penye njia ya kando, akamtazama. "Ingia," alisema Papa Alphonse. "Mtumbwi bado haujafika."

Njia ya mashamba ilikuwa imefungwa na majani. Walitembea. Kijito kilikuwa chembamba kiasi cha kukivuka kwa hatua moja, na Faustin alikisimamia muda, kana kwamba anakitafuta kile kingine. Kaburi hawakulipata upesi. Magugu yalikuwa yamefika kifuani. Walifyeka kwa panga moja, wakipokezana, hadi udongo ukaonekana. Faustin alipanga mawe machache ya kijitoni kichwani mwa kaburi. Papa Alphonse alivua kofia. Hakuna aliyesali kwa sauti.

Waliporudi kwenye gari aliinama na kupapasa chini ya giaboksi. Ilikuwa ya moto, na kavu. Alitazama vidole vyake: vumbi tu.

Yule mama alifika kwa mtumbwi karibu saa nne, tumbo kubwa, miguu imevimba, mama mkwe wake akimshika mkono. Wakamlaza nyuma. Faustin aliendesha pole pole, akikwepa mashimo kama mtu anayebeba mayai. Na njiani, bila kuulizwa, akaanza kuzungumza. Alisema Delphine alikuwa mtu wa Opala, alipenda kucheka kanisani mahali pasipofaa, lituma yake, ndizi za kuponda, ilikuwa na pilipili nyingi kuliko ndizi, na mara moja alimfukuza fundi wa baiskeli kwa mwiko. Yule mama nyuma alicheka katikati ya uchungu wake, akamwambia aendelee.

Papa Alphonse alisikiliza, kichwa kimeegemea dirisha. Alitaka kukaa macho asikie harufu ya yai bovu ikija, lakini haikuja, na macho yalikuwa mazito. Akalala. Kizuizini Simi-Simi alizinduka kidogo, akasikia askari akisema muende, akasikia gia ikiingia laini, na Faustin bado anasema.